Hewa Isiyohesabiwa



Jioni ya leo nimekusudia kuzungumza nanyi juu ya kadhia ambayo yaweza kudhaniwa kuwa ni ya watu wa gereji peke yao, ilhali kila mwenye gari, na hata yule apandaye gari la mwenziwe kwa hisani, ana sehemu yake ndani yake. Nayo ni kadhia ya injini iliyokuwa nzima, ikafunguliwa njia yake ya kuvutia hewa, ikatiwa nyingine iliyosifiwa kuwa ni bora kuliko ile ya asili, na tangu saa hiyo ikawa haiwezi kutulia mahali pamoja dakika mbili bila ya kuzimika.

Mwana wa ndugu yangu, kijana wa adabu na bidii, ana Toyota ndogo yenye injini ya 1NZ-FE, ya sentimita za ujazo 1,497, ambayo kwa wingi wake katika miji yetu sidhani kama yuko fundi Mombasa asiyewahi kuifungua. Ni injini mvumilivu, isiyo na makuu, na kijana yule alikuwa ameitumia muda mrefu bila ya kuitia mkono ila kwa oili na plagi. Kisha akashawishika. Akang'olewa lile boksi jeusi la plastiki linalohifadhi kichujio cha hewa, ambalo mafundi huliita ea klina, na mahali pake akafungiwa bomba la alumini lenye kichujio cha umbo la pia mbele yake, kikiwa wazi chini ya boneti. Aliahidiwa nguvu zaidi, na mngurumo wa kupendeza kila akanyagapo mafuta. Mngurumo aliupata siku ile ile. Habari ya nguvu nitaieleza mahali pake.

Jumamosi moja alinichukua tuvuke pamoja kwenda kumzuru mgonjwa wetu ng'ambo ya Likoni. Tukawa katika foleni ya feri, tukiteremka kidogo kidogo ule mteremko unaoelekea majini, kiyoyozi kinafanya kazi, gea iko kwenye D, na mguu wa kijana uko juu ya breki. Mara mshale wa mizunguko ukaanza kucheza, ukapanda hadi 1,200, ukashuka hadi 500, ukapanda tena. Kisha injini ikatetemeka mara mbili kama mtu mwenye homa ya baridi, ikanyamaza. Nilipomtazama, akaniambia, "Usiwe na wasiwasi, ami, siku hizi ndivyo lilivyo."

Wasiwasi nilikuwa nao, na nitawaeleza kwa nini. Breki za magari haya husaidiwa na mvuto wa injini yenyewe, na injini ikizimika, msaada huo hubaki kwa kukanyaga mara moja au mbili tu. Baada ya hapo pedali huwa ngumu kama jiwe, na usukani nao huwa mzito mikononi. Na mbele yetu mteremkoni walikuwako waenda kwa miguu mamia kwa mamia, kina mama wenye watoto mgongoni na vijana wenye mikokoteni, na mbele yao ni bahari. Mwenyezi Mungu alitusitiri, gari likashikwa kwa breki ya mkono, na watu wema wakalisukuma kando. Lakini tangu siku ile nimekataa kuliita jambo hili kuwa ni dogo.

Nilipomhoji kijana, nikaambiwa kwamba gari lilikwisha kurudishwa kwa fundi aliyelifanyia kazi mara tatu. Jina la fundi yule na la gereji yake sitalitaja, kwa kuwa sikusudii kumfedhehesha mtu. Mara ya kwanza alibadilisha plagi zote nne. Mara ya pili akauza koili. Mara ya tatu akasafisha nozeli, akaifuta taa ya injini iliyokuwa imewaka kwenye dashibodi, na akatoa hukumu kwamba pampu ya mafuta imechoka na lazima inunuliwe nyingine. Hapa ndipo paniumapo: gari liliingia gerejini asubuhi likiwa zima, likatoka jioni likiwa gonjwa, na katikati ya asubuhi na jioni ile plagi hazikuguswa, wala koili, wala pampu. Kilichoguswa kilikuwa kimoja, nacho ndicho ambacho hakuna aliyekitazama tena.

Sasa niwieni radhi niingie ndani ya injini kidogo, maana bila ya kuyajua haya mwenye gari hubaki kuwa mtu wa kuambiwa tu.

Injini hula hewa kuliko ilavyo petroli. Ili petroli iungue sawasawa, kila gramu moja yake yahitaji gramu 14.7 za hewa. Na kwa kuwa hewa ni nyepesi mno, hesabu hiyo ikigeuzwa kuwa ya ujazo inastaajabisha, kwani lita moja ya petroli, ile itoshayo katika chupa, haiungui mpaka iwe imekutana na takriban lita 9,000 za hewa ya usawa wa bahari. Petroli ikizidi kiasi, moshi huwa mweusi na plagi hulowa. Hewa ikizidi, moto hukosa kushika vizuri, na injini hutetemeka na kufa.

Zamani mizani hii ilikuwa mikononi mwa kabureta, ambayo Wilhelm Maybach wa Ujerumani aliitia katika umbo lake la kunyunyizia mafuta mwaka 1893, na uzuri wake ulikuwa kwamba hewa yenyewe, kwa kupita kwa kasi mahali pembamba, ndiyo iliyoyavuta mafuta yake. Tundu likitokea baada ya kabureta lilidhuru vile vile, lakini fundi wa Peugeot 404 au wa Land Rover alikuwa na skrubu yake na sikio lake, na kwa viwili hivyo aliweza kulirudisha gari barabarani kabla ya adhuhuri. Mwaka 1967 Bosch ikaleta katika Volkswagen 1600 utaratibu wa kunyunyiza mafuta kwa amri ya umeme, na miaka ya mwanzo ya 1980 kampuni hiyo ikaleta kipimo cha waya wa moto, ambacho jamii yake ndiyo iliyomo leo katika magari mengi tunayoyaendesha, na katika gari la kijana wetu pia.

Waya huo ni mwembamba, wa platini, na hutiwa umeme mpaka ukawa na joto kuliko hewa inayoupita. Hewa ikipita huupoza, na kadiri hewa inavyokuwa nyingi ndivyo umeme unavyohitajika zaidi kuurudishia joto lake. Kwa kuuhesabu umeme huo, kompyuta, ambayo mafundi wengi huiita kontrol boksi, hujua uzito wa hewa iliyoingia, na huziamuru nozeli zitoe petroli ya kiasi chake. Mafundi hukiita kipimo hiki ea flo.

Nami, kwa kuwa nimekulia karibu na bandari, sijapata mfano wa kuieleza hali hii ulio bora kuliko karani wa forodha aliyekaa langoni na daftari lake. Karani ni mwaminifu, na hesabu yake haina kasoro, ila yeye huandika shehena iliyopita mbele ya macho yake peke yake. Jahazi likishusha mali usiku katika hori ya mbali, ghala litajaa na daftari litasema limepungua, na kila uamuzi utakaotegemea daftari utakuwa na makosa ambayo si ya karani. Hewa iingiayo katika injini bila ya kuupita ule waya ni mali ya magendo. Kontrol boksi haijui habari yake, haiitolei petroli, na injini hubaki na hewa nyingi na mafuta machache.

Ilikuwaje basi magendo haya yakaingia katika gari lile? Kwa mlango ambao, nakiri, hata mimi sikuufikiria, na naomba tuutazame taratibu kwa kuwa ndipo wengi wanapopotelea. Injini ikifanya kazi, gesi kidogo ya moto hupenya pembeni mwa pistoni ikateremka chini kwenye oili, na ikiachwa huko huiharibu oili na kusukuma sili. Kwa hiyo waundaji wameweka mipira miwili. Wa kwanza hutoka kwenye kifuniko cha juu cha injini, na kupitia vali ndogo iitwayo PCV huingia katika manifoldi, ili gesi ile ivutwe ikaungue. Wa pili hutoka katika bomba la hewa, baada ya ea flo na kabla ya throto, yaani kile kilango kinachofunguka kwa amri ya mguu wa dereva, ukaenda kwenye kifuniko hicho hicho; kazi yake ni kupeleka hewa safi ijaze nafasi ya ile iliyovutwa. Na tazameni hekima ya mtu aliyeupanga: hewa hiyo safi imekwisha kupita kwa karani na kuandikwa.

Bomba jipya la alumini halikuwa na tundu la kulingana na mpira huo wa pili. Fundi akautoa, akavisha juu ya kifuniko kichujio kidogo cha duara kinachouzwa madukani kama pambo, na tundu dogo lililokuwa katika bomba akaliziba kwa tepu nyeusi ya umeme. Kwa macho ilikuwa kazi safi. Lakini tangu saa ile, kila manifoldi ilipovuta kupitia vali ya PCV, hewa iliyokuja kujaza nafasi ilitoka nje moja kwa moja, haikuliona lango. Na ile tepu, kwa joto la chini ya boneti, gundi yake ikayeyuka, tundu likawa wazi, na hapo ukapatikana mlango wa pili.

Kijana alikuwa akiniapia kwamba katika barabara ya Malindi gari linaruka, na kwamba haliugui ila mjini. Hakusema uongo. Injini ndogo kama hiyo, ikinguruma polepole kwa mizunguko 700 kwa dakika, hula gramu mbili au tatu tu za hewa kwa sekunde, na ikikimbizwa hula makumi ya gramu. Nusu gramu ya magendo barabarani humezwa isionekane, na katika foleni ya feri ni sehemu ya tano ya chakula chote. Aidha, throto inapokuwa imefungwa, mgandamizo wa hewa ndani ya manifoldi hushuka hadi kiasi cha theluthi moja ya ule wa nje, na kila ufa ulio nyuma ya throto huvuta kwa nguvu zake zote. Ongeza mzigo wa kiyoyozi na wa gea iliyo kwenye D, na utaona kwa nini maradhi haya hupenda makutano ya barabara, foleni, na mteremko wa Likoni, na kwa nini Dar es Salaam fundi atakwambia kwamba gari lako limekosa sailensi, yaani halitulii likiwa limesimama.

Tulimpelekea mzee mmoja wa Changamwe, fundi aliyeanza kazi katika zama za kabureta na hakuona haya kujifunza yaliyokuja baadaye. Kijana akamwamkia shikamoo, akaanza kumweleza habari ya plagi na koili na pampu. Mzee akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwuliza swali moja: "Mwanangu, kile walichokitoa kiko wapi?" Kijana akajibu kwamba boksi lake la asili liko nyumbani, chini ya kitanda. "Kalilete," akasema, "na mipira yake yote."

Kabla ya kijana kurudi, mzee aliiwasha injini, akachukua kibao bapa akauziba kabisa mdomo wa bomba kwa mbele. Injini iliyo nzima ikizibwa pumzi namna hiyo hufa papo hapo. Ile ya kijana wetu ilififia, ikakohoa, ikaendelea kuishi. Na mzee akanigeukia, akaniambia kwamba aliyezibwa pua na mdomo naye bado anapumua, basi ana tundu jingine. Kisha akachukua chupa ya kunyunyizia maji, ile ya wanawake wa kupiga pasi, akawa anatia ukungu mdogo kiungo baada ya kiungo, huku ametega sikio. Ulipofika kwenye ile tepu, mlio ukabadilika. Nawaombeni mshike jambo hili, kwamba alitumia maji. Nimewaona wengine wakipuliza petroli au dawa ya kusafishia kabureta juu ya injini yenye moto, karibu na bomba la moshi, na gari likateketea kwa sababu ya kutafuta ufa.

Mwisho akaunganisha mashine yake ya kusomea kontrol boksi. Alama iliyokuwa imehifadhiwa ilikuwa P0171, ambayo maana yake ni kwamba mchanganyiko una mafuta machache kuliko hewa. Haikutaja pampu, haikutaja koili. Akatazama masahihisho, yaani asilimia ya mafuta ambayo kompyuta inalazimika kuongeza ili kufidia upungufu. Injini ikiwa imetulia, masahihisho yalikuwa asilimia 28. Akaipandisha hadi mizunguko 2,500, yakashuka hadi 14. Hapo pampu ikawa imepata hukumu ya kutokuwa na hatia, kwa kuwa pampu dhaifu hufanya kinyume chake: injini hutulia vizuri, na upungufu huzidi kadiri mafuta yanavyohitajika zaidi. Upungufu unaokuwa mkubwa injini ikitulia, na kupungua mwendo ukizidi, ni ithibati ya hewa inayopenya nyuma ya throto.

Nikamwuliza habari ya zile 14 zilizobaki. Akachukua kipimo, akapima upana wa bomba la alumini na wa lile la asili alilokuja nalo kijana. La asili lilikuwa milimita 60 pale ea flo inapokaa, na jipya milimita 64. Kwa jicho huwezi kuyatofautisha. Lakini eneo la mdomo huongezeka kwa mraba wa upana, na milimita hizo nne huongeza karibu asilimia 14. Hewa ikipita katika njia pana hupunguza kasi, waya haupozwi kama ulivyozoea, na karani, ambaye hakuarifiwa kwamba lango limepanuliwa, huandika pungufu kila saa, mjini na safarini. Bomba kama hilo laweza kufaa kwa mtu atakayeiandika upya hesabu ya kompyuta. Kulifunga na kuondoka, sivyo.

Akarudisha boksi jeusi. Akanunua mpira mpya wa kifuniko, akautia klipu pande zote mbili, akaukagua ule wa PCV na ule wa breki, maana plastiki na mpira uliozeeka kwa joto huweza kupasuka kwa kusukumwa tu upande. Waya wa ea flo aliunyunyizia dawa yake maalumu bila ya kuugusa, kwani vichujio vingine vya pamba hupakwa mafuta, na mafuta hayo hufika kwenye waya yakaufunika. Wala usimruhusu mtu kuusugua kwa kitambaa, utakatika. Kisha akaondoa ncha ya hasi ya betri kwa muda, ili kontrol boksi isahau masahihisho iliyojifunza katika siku za ugonjwa, akawasha, akaiacha injini ipate moto, akawasha kiyoyozi, akatia D. Dakika za mwanzo ilisitasita kidogo. Halafu mshale ukasimama penye 700, na masahihisho yakawa hayapiti asilimia tatu.

Alimwusia kijana, ambaye kazi yake humpeleka Nairobi mara kwa mara, kwamba akienda kwa fundi wa huko na kupimiwa mvuto wa manifoldi, asishtuke. Injini nzima iliyotulia Mombasa husoma kati ya inchi 18 na 21 za zebaki, na Nairobi, iliyoko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, husoma pungufu kwa kiasi cha inchi tano, nayo ni nzima vile vile. Akamwonya pia kwamba si kila kimashine cha bei nafuu kiuzwacho mitaani huweza kusema na gari lililoundwa kwa ajili ya soko la Japani, na kimashine kikinyamaza haimaanishi kwamba gari halina neno la kusema.

Nimewaahidi habari ya nguvu. Boksi la asili huvuta hewa yake kutoka mbele, nje ya joto la injini. Kichujio kilicho wazi chini ya boneti huvuta hewa iliyokwisha kupashwa moto, na hewa ya nyuzi 60 ina uzito pungufu kwa asilimia tisa kuliko ya nyuzi 30. Kwa hiyo katika foleni za mji wetu kijana alikuwa amelipa fedha ili injini yake ipewe hewa kidogo kuliko zamani. Na vumbi jekundu la Tsavo, ambalo lile boksi lilimkinga nalo miaka yote, lilikuwa linamngojea njiani.

Nawasihi basi, nyinyi wenye magari: mkibadilisha chochote katika njia ya hewa, hifadhini kilichotolewa pamoja na mipira yake na klipu zake, na gari likizimika baada ya kazi, mwambieni fundi arudi kwanza pale alipogusa, kabla hajafungua mkoba kuwauzia kingine. Nanyi vijana wa gereji, ambao mikono yenu ndiyo inayotuvusha salama kila siku, hesabuni kila mpira mliouondoa na kila tundu mliloliacha, na msilizibe kwa tepu tundu ambalo hamjui linakwenda wapi. Gari la mwana wa ndugu yangu limevuka Likoni mara nyingi tangu wiki ile, na halijazimika tena.